Kupanga siku nzima ya redio kwa familia: mwongozo kwa wanaoanza

Karibu kila mwezi huja kijana mgeni studio kwetu, karatasi tupu mkononi: "Maalim, nimepewa Jumamosi nzima niipange. Naanza na kipindi gani?" (Wananiita maalim, na chaki sijapata kuishika.) Nimelijibu swali hili kwa mdomo hadi nimechoka, sasa naliandika. Atakayekuja mwezi ujao nitampa karatasi hii, nami niendelee na chai yangu.

Usianze na kipindi. Anza na mikono. Saa hii unayoipanga, mikono ya msikilizaji imeshika nini? Anayekuna nazi hawezi kuandika namba ya simu. Anayemvisha mtoto sare hatakusikiliza robo saa. Anayechambua karafuu usiku barazani, huyo ni wako kwa saa mbili, mpe hadithi ndefu. Ukishaijua mikono, kipindi kinajileta chenyewe.

Nazungumzia kituo kidogo cha FM, Unguja au Pemba, chenye studio moja, watu watano sita na jenereta lenye maringo yake. Vituo vikubwa vina idara zao na njia zao.

UWE NAVYO KABLA YA KUANZA

- Ratiba ya sala ya kisiwa chako, ya mwezi huu. Si ya mwezi uliopita.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa.
- Mikondo ya skuli za eneo lenu: nani anasoma asubuhi, nani mchana, na chuoni (kusoma Qur'ani) wanakwenda saa ngapi.
- Karatasi kubwa (mgongo wa kalenda ya zamani unafaa), penseli, kifutio. Kompyuta baadaye. Kwenye kioo cha kompyuta huioni siku yote kwa pamoja.
- Daftari la matangazo, lenye nafasi ya jina na simu ya aliyeleta tangazo.
- Kinasa sauti au simu nzuri, hedifoni, na kompyuta yenye programu ya kuhariri sauti. Audacity ni ya bure na inatosha.
- Vipindi viwili vya akiba, nusu saa kila kimoja, visivyotaja tarehe, msimu wala "leo".
- Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde.

HATUA KWA HATUA

1. Tia nguzo zisizohama.

Andika saa kuanzia 11 alfajiri hadi 4 usiku, kila nusu saa mstari wake. Kwa kalamu tia adhana, taarifa za habari na matangazo ya vifo. Vilivyobaki vyote ni vya penseli.

Wageni wengi huteleza hapa hapa, kwa kunakili saa za sala kutoka ratiba ya zamani. Adhuhuri kwetu haikai pahala pamoja. Mapema Novemba huingia saa 6 na dakika chache tu. Katikati ya Februari inapita saa 6 na nusu. Kipindi cha mapishi kilichokuwa kinamalizika kwa raha kabla ya adhana mwezi wa Februari, Novemba kinakatwa vitunguu vikiwa bado kwenye mafuta.

Tena kuna suala la visiwa viwili. Pemba iko mashariki zaidi kuliko Unguja, na jua hutangulia kuzama huko kwa dakika moja hadi nne, kutegemea msimu. Siku za kawaida hakuna anayejali. Ramadhani ni jambo jengine: mtangazaji wa Unguja akisoma saa za Pemba, kawafuturisha watu kabla ya wakati. Kwa daku ni kinyume chake, wa Pemba akisoma saa za Unguja atawaacha watu wanakula alfajiri imeshaingia. Hakikisha jina la kisiwa limeandikwa juu ya karatasi unayosomea.

2. Andika nani yuko karibu na redio, saa kwa saa.

Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu haina studio ndani yake. Ni ya kutembea na kuuliza. Ipe siku mbili.

Niliwahi kuwa miongoni mwa walioanzisha kipindi cha kina mama, saa 4 kamili asubuhi. Kwa miezi miwili tulikisifia sisi wenyewe. Simu haziji. Siku moja nikakutana na mama anapanda kutoka pwani, gunia la mwani kichwani, maji yanamchuruzika mpaka nyayoni, akaniambia bila ya kusimama: "Kipindi chenu tunasimuliwa na majirani. Mnapoamkia nyinyi, sisi tuko majini."

Ndiyo kwanza nikafungua jedwali la maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwetu maji hutoka sana karibu na saa 4 asubuhi, na huo ndio wakati wa kushuka kwenye mwani. Kila siku yanachelewa kwa dakika hamsini hivi, na baada ya wiki moja ni maji mafu, watu wako majumbani. Kwa hiyo saa 4 si wakati mmoja. Wiki hii ina wasikilizaji, wiki ijayo haina. Tulikihamishia kipindi saa 8 na nusu mchana, na siku za bamvua tunakirudia usiku.

Wavuvi nao wana hesabu yao. Wa dagaa huvua usiku wa giza. Mbaamwezi ikiwa kubwa wako nyumbani, na ndio usiku wa kuweka mjadala unaowahusu. Watoto usiwadhanie kuwa wako huru mchana: wenye mkondo wa asubuhi wakirudi skuli wanakula, wanakwenda chuoni. Msimu wa karafuu Pemba, mchana hakuna mtu, na usiku nyumba nzima imekaa jamvini inatenga karafuu na makonyo (vikonyo vyake), bibi, baba, wajukuu, redio katikati. Sijui wakati bora kuliko huo kwa kipindi cha familia.

3. Igawe siku mafungu, kila fungu na mwendo wake.

Mfano wangu wa siku ya kawaida ni huu. Usiunakili, ufuate kwa kuulinganisha na majibu ya hatua ya pili.

Saa 11 hadi 12 na nusu asubuhi: Qur'ani, dua, mawaidha ya dakika saba, kisha upepo na hali ya bahari kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Sauti ya chini. Usimpigie mtu ngoma kabla hajanawa uso.

Saa 12 na nusu hadi 3: habari, magazeti, usafiri, bei ya samaki dikoni, pale wanaposhushwa. Hakuna kitu kinachozidi dakika nne, na saa itajwe kila baada ya dakika kumi. Mama anapanga mwendo wa watoto kwa sauti yako. Ukikosea dakika tano, mtoto kakosa daladala.

Saa 3 hadi 6: afya, mapishi, salamu, taarabu. Mikono iko jikoni, kwa hiyo kila jambo muhimu liseme mara mbili. "Kijiko kimoja cha bizari" kikipita wakati mtu anaosha mchele, kimempita.

Saa 6 hadi 8 mchana: adhana, habari, matangazo ya vifo, Qur'ani au kasida. Watu wanakula. Maneno machache.

Saa 8 hadi 10: usingizi wa mchana na wazee. Hapa ndipo simulizi za zamani zinapokaa vizuri: jahazi, mashamba, siku za Sauti ya Unguja iliyoanza kusikika mwaka 1951. Mzee akikumbuka alivyokwenda kusikiliza redio kwa jirani, mwache aseme. Usimkatize kwa swali la karatasini.

Saa 10 hadi magharibi: watoto nusu saa, kisha michezo na vijana.

Baina ya magharibi na isha: Qur'ani na darsa. Baada ya isha hadi saa 4: habari, mchezo wa redio, mjadala wa familia, na taarabu ya kufungia.

4. Pitisha kila kipindi kwenye kipimo cha chumba kimoja.

Fikiria chumba kimoja: mzee, mkwe wake, binti wa miaka kumi na sita, mtoto wa miaka saba. Redio iko juu ya kabati na hakuna atakayenyanyuka kuizima bila ya wengine kujua kwa nini. Kipindi kitawafanya wainamishe vichwa? Kiondoe, au kipeleke saa nyengine.

Lakini angalizo: kipindi cha familia si kipindi cha watoto. Wageni wakisikia "familia" hujaza siku nzima nyimbo za chekechea na nasaha, mzee akahama kituo kabla ya saa 3. Taarabu ilishatufundisha namna: nyimbo inasema yote kwa mafumbo, mkubwa anatabasamu, mtoto anasikia ua na ndege tu. Mambo mazito, kama talaka, mirathi na ugomvi wa mawifi, yanaweza kusemwa yote redioni ukichagua maneno.

Kwa watoto, nusu saa inatosha. "Paukwa!" "Pakawa!", hadithi moja, vitendawili vitatu, nyimbo moja, basi. Walete wenyewe studio, lakini wasogeze mbali na maikrofoni kiasi cha hatua moja, kwani neno "Tega!" la watoto wanane kwa pamoja limeshapasua spika moja ya duka ninalolijua, na hadi leo naulizwa.

5. Hesabu dakika kwa ukweli.

Saa moja ya redio haina dakika 60 za kipindi. Toa 5 za habari, 4 za matangazo ya biashara, 2 za jina la kituo na viunganishi, 1 ya saa na hali ya hewa. Zimebaki 48. Mgeni akiandaa kipindi cha dakika 60, ndipo anapokuja kulalamika kwamba kipindi chake "kimekatwa".

Kwa maandishi, jipime mwenyewe: soma kwa sauti dakika moja, hesabu maneno. Mimi nasoma kama 120. Taarifa ya dakika tatu kwangu ni maneno 360, na nikipewa 500 nayarudisha.

6. Rekodi nusu ya siku kabla siku haijafika.

Mapishi, simulizi, watoto na mchezo wa redio viwe tayari jana yake. Hewani moja kwa moja bakisha asubuhi, habari, salamu na mjadala. Mtu mmoja hawezi kuwa hai redioni saa kumi na saba.

Unaporekodi, mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipulize. Zima feni. Angalia mbingu: paa la bati na mvua ya masika havirekodiki pamoja. Kipimo cha sauti kisivuke desibeli -6. Kikigonga sifuri, sauti imekatika kichwa na hakuna dawa baadaye. Sikiliza kwa hedifoni dakika ya kwanza kabla ya kumruhusu mgeni aendelee. Mgeni hawezi kusema kitu kile kile mara ya pili kwa moyo ule ule.

Majina ya mafaili: tarehe, saa, jina la kipindi. Ukilipa faili jina "kipindi mwisho kabisa 2", siku ya siku utacheza "kipindi mwisho kabisa 1".

7. Matangazo ya vifo: polepole, na kwa mashahidi.

Hakuna sehemu ya siku inayosikilizwa kama hii. Nyumba hunyamaza. Watu wanaamua kupanda gari au kutopanda kwa maneno yako.

Mwaka wangu wa kwanza nilisoma tangazo lililoletwa kwa simu, majina mawili tu, lake na la baba, la babu halikuwemo. Mwenye majina hayo hayo, mtaa wa pili, alikuwa dukani kwake anapima sukari. Haikupita saa, jamaa zake walikuwa kwenye daladala kutoka Konde, wengine wanalia. Mchana alikuja studio mwenyewe, akaketi pale kwenye benchi la wageni, akanitazama. "Nimekuja unione," akasema. Hakuongeza neno. Alikunywa maji, akaondoka.

Tangu siku ile, tangazo halisomwi mpaka liwe na haya: majina matatu, na jina la mtaani kama analo, shehia na kijiji, jeneza litasaliwa msikiti gani na saa ngapi, maziko yatakuwa wapi, jamaa wanaotajwa na wanakoishi, ili useme kwa uhakika "habari ziwafikie jamaa walioko Wete, Kengeja na Mkoani". Kisha mpigie aliyeleta kwa namba yake, usimsubiri yeye apige. Kama namba haipokelewi, piga kwa sheha. Soma mara mbili. Kabla yake na baada yake usiweke nyimbo wala tangazo la sabuni. Weka kimya cha sekunde tano au Qur'ani. Hili la sabuni nalisema kwa sababu nimelisikia.

8. Maliza mambo ya ruhusa.

Kituo kiwe na leseni ya Tume ya Utangazaji Zanzibar, na muziki uwe umeshughulikiwa na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki. Hayo ni ya meneja. La kwako wewe mpangaji ni kuandika kila nyimbo iliyochezwa na ya nani. Wimbo uliopakuliwa mtandaoni na mpwa wako si mali ya kituo. Mzee au mtoto ukimrekodi, muombe yeye au mzazi wake, na umwambie kitatoka siku gani. Huo si urasimu. Watu wanapenda kukaa kusikiliza sauti ya bibi yao.

9. Isome siku yote kwa sauti usiku wa kuamkia.

Kaeni watangazaji wote, mmoja asome ratiba kuanzia alfajiri hadi usiku, wengine wafunge macho. Ndipo mtasikia kwamba mmeweka vipindi vitatu vya nasaha mfululizo, au saa mbili nzima hakuna sauti ya mwanamke. Rekebisheni kwa penseli, kisha ndiyo iingie kwenye kompyuta. Nakala moja bandikeni ukutani studio, nyengine mlangoni.

SIKU ZISIZO ZA KAWAIDA

Ijumaa, kuanzia saa 6 mchana usipange kitu cha kumshughulisha mtu. Khutba na sala, kisha vifo na habari. Ramadhani siku yote inageuka: asubuhi inachelewa kuamka, kina mama hawashikiki kuanzia alasiri kwa sababu ya futari, na usiku unaendelea mpaka daku. Panga upya kuanzia hatua ya kwanza, usijaribu kuinyoosha ratiba ya Shaabani. Kipindi cha mapishi kikae saa 8 mchana, watu wapate muda wa kwenda sokoni. Sikukuu, watoto wapewe asubuhi nzima ya salamu. Hawataki kingine.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Umeme umekatika. Kinachookoa ni betri ya kompyuta na mixer (mashine ya kuchanganyia sauti) kubeba dakika kumi mpaka jenereta liwashwe. Jaribuni kila Jumatatu, na mafuta yapimwe kwa kijiti, si kwa kumuuliza mlinzi. Mkirudi hewani, msieleze hadithi ndefu ya umeme. Msikilizaji naye yuko gizani, anajua.

Mgeni wa saa 3 hakuja. Subiri hadi dakika ya pili, tia kipindi cha akiba, mpigie simu huku kikicheza. Usijaze kwa nyimbo sita mfululizo ukisema "anakuja sasa hivi".

Mpiga simu kaanza matusi au kamtaja mtu kwa jina. Vituo vyetu vidogo havina mashine ya kuchelewesha sauti, kwa hiyo kidole kisitoke kwenye laini ya simu. Kata, omba radhi kwa sentensi moja, endelea. Ukirudia alichosema ili ukikanushe, umekitangaza mara ya pili.

Kipindi kimezidi dakika. Adhana haisubiri, habari haisubiri. Punguza sauti taratibu mwishoni mwa sentensi, sema kitaendelea lini, na kweli kiendelee siku hiyo.

Mtangazaji wa alfajiri kalala. Alfajiri yote, hadi saa 12 na nusu, iwe tayari kwenye kompyuta inayojiwasha, na saa ya kompyuta ilinganishwe na ya ukutani kila jioni. Mtangazaji akija kakuta redio inazungumza, ni bahati yake. Akizoea, mhamishie mchana.

Simu haziji kabisa. Kwanza hakikisha namba inatajwa na inapokelewa. Mara mbili nimekuta laini ya studio imefungwa na hakuna aliyejua. Kama laini ni nzima, toka nje. Nenda barazani saa 10, agiza kahawa na kashata, sikiliza redio ya duka imefungwa kituo gani. Kama si chenu, usimuulize mwenye duka kwa nini. Kaa nusu saa usikilize anachokisikiliza, daftari mkononi, uandike anacheka wapi.